Vanishi Juu ya Udongo

Jumanne ile Heri alifika Gare saa tatu asubuhi, picha ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Aliifunga kwa shuka la mama yake, shuka jeupe la wageni, bila kuomba ruhusa. Kijana wa bodaboda aliyemtoa Shume alimuuliza mara mbili njiani kama amebeba kioo, na mara zote mbili Heri alijibu kwamba amebeba kitu kigumu kupatikana kuliko kioo. Baada ya hapo hawakuzungumza tena mpaka Gare.

Tuseme ukweli mapema, ili msomaji asimchukie bure. Heri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi seremala wa miaka thelathini na moja, mikono mizito, moyo mwepesi, na alimpenda Jenoveva mapenzi ya kufa na kuoza. Zilikuwa zimebaki siku tano tu baba yake mdogo, Sefania, avae koti lake la Krismasi na kuipeleka barua ya posa nyumbani kwa Mzee Cosmas, baba yake Jenoveva. Jumapili hiyo Heri aliingoja miaka miwili. Mara ya kwanza Mzee Cosmas alikataa kwa sababu Heri ni Mlutheri na wao ni Wakatoliki. Mara ya pili akakataa kwa sababu Shume kuna baridi na binti yake ana kifua. Mara ya tatu akasema, haya, waje niwasikie. Na ndipo Heri, kwa mkono wake mwenyewe, akaharibu.

Alimkuta Jenoveva barazani amepiga magoti, anasaga udongo. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni na kitambaa kichwani, na mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Alipoinua macho na kumwona, akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, lile lililomfanya Heri, siku ya kwanza kuliona, akate mbao fupi kwa inchi mbili nzima. Siku hiyo Jenoveva alikuwa ameingia karakana kuomba gundi nyeupe ya mbao, kidogo tu, ya kujaza kikombe. Heri alimuuliza anataka kugundisha nini. Akajibu, "Nagundisha watu na kwao." Heri hakuelewa, lakini alimjazia kikombe, na wiki iliyofuata akajikuta anamngoja arudi.

Jenoveva hakuwa na duka la mlango na dirisha. Duka lake lilikuwa ndani ya simu, na jina lake Udongo Wetu. Mtu popote alipo alimtumia picha ya mzazi wake, au ya mume aliyefariki, au ya nyumba aliyozaliwa, na pamoja na hiyo akatuma kwa basi udongo wa mahali penyewe, wa kujaza viganja viwili. Jenoveva aliusaga, akauchuja kwa kipande cha khanga, akauchanganya na gundi, kisha akamchora mtu kwa ardhi ileile aliyoikanyaga. Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Bibi yake alikuwa mfinyanzi, akamwachia jiwe la kusagia na jicho la kujua udongo. Mengine aliyatafuta mwenyewe, akikosea na kufuta, mpaka watu wa Mwanza na Mtwara na hata walioko ng'ambo wakawa wanapanga foleni kungoja zamu yao.

Rafu ya barazani ilikuwa na chupa sitini na zaidi, kila moja na karatasi yake: Singida, Kilwa, Kibondo, Makete. Na kwa kuwa mtandao wa Gare ni wa kubembeleza, na kwao ulipatikana vizuri kwenye tawi moja tu la mparachichi ulio nyuma ya jiko, simu yake ilishinda ndani ya kikapu cha ukindu kilichoning'inia juu ya tawi hilo, ikilia kila mteja alipoandika. Majirani walimcheka sana. Walisema binti wa Mzee Cosmas anaongea na mti. Waliacha kucheka siku mabati mapya yalipopanda juu ya nyumba ya baba yake.

"Umeileta?" aliuliza Jenoveva, akijifuta mikono. "Nilijua utamaliza fremu leo. Nioneshe."

Heri hakusogea. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno, na sasa yote yalimtoroka.

"Jeni," akasema, "kabla hujaifungua, nikuambie kitu."

Lakini Jenoveva alishalishika shuka. Akalifungua kwa uangalifu, ncha moja baada ya nyingine, kama alivyofanya kila jambo.

Picha ilikuwa ya mzee Benjamini, mchuma chai aliyetoka mbali, kusini, akafanya kazi miaka ishirini na minane kwenye shamba moja la chai kule Bungu na kuzikwa hukohuko. Binti yake Scholastica, muuguzi wa Morogoro, hakuwa na picha yake nyingine ila ile ya kitambulisho cha kazi, ndogo kama stempu. Misa ya kumwombea ilikuwa Jumapili hiyohiyo. Jenoveva alisafiri mwenyewe mpaka Bungu kuchimba udongo, akakaa wiki tatu na uso ule, akimpigia Scholastica kumuuliza baba alikuwa anachekaje, alikuwa anakunja uso upande gani. Alipomkabidhi Heri picha ile aitilie fremu, ilikuwa ya rangi ya vumbi la asubuhi, laini, na mzee Benjamini alikutazama kama mtu anayetaka kukuuliza habari za nyumbani.

Sasa alikuwa mweusi. Uso ulikuwa umekunywa vanishi mabaka mabaka, shavu moja linang'aa kama mlango wa kanisa, jingine limezama. Macho hayakuonekana kabisa.

"Umepaka nini?" Jenoveva aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilimtisha Heri zaidi.

"Vanishi."

"Ya nini?"

"Ile ya makabati. Ile nzuri." Heri alilamba midomo. "Niliona haing'ai. Fremu ilikuwa ya mbao za mkulo, inang'aa, inanukia, halafu picha ndani yake imefifia. Nikasema nikusaidie. Mteja akifungua aone kitu kimekamilika. Nilipopitisha brashi mara ya kwanza nikaona inabadilika, nikadhani ikikauka itarudi."

Jenoveva aliigeuza picha kuelekea mwanga, akainusa, akagusa shavu la mzee Benjamini kwa ncha ya kidole. Kisha akaiweka chini polepole.

"Mteja akikuletea mlango wake umrekebishie bawaba, utaupaka rangi bila kumuuliza?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mlango ni wake."

"Na hii ilikuwa ya nani?"

Kuku mmoja alipita katikati yao akidonoa, hakuna aliyemfukuza.

"Sijakasirikia picha," Jenoveva alisema. "Picha nimeharibu nyingi mimi mwenyewe. Lakini miaka miwili nilidhani wewe peke yako ndiye unayeona ninachokifanya. Kumbe na wewe ulikuwa unaona tope linalongoja fundi." Akavuta pumzi. Macho yake yalikuwa yamejaa, ila hakuruhusu hata chozi moja lishuke. "Siwezi kuolewa na mtu ambaye kila nikimaliza kazi, yeye anaona bado. Mwambie baba mdogo Sefania asije Jumapili."

Heri alitaka kupiga magoti. Alitaka kusema kwamba anampenda, kwamba hajawahi kumwona mwanamke wa kumfikia, kwamba mikono yake mwenyewe ingekatwa ikibidi. Hakusema hata moja, na tumshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu kuna saa ambapo maneno matamu ni vanishi nyingine tu.

Jenoveva alikwenda nyuma ya jiko, akashusha kikapu, akatoa simu. Heri alimsikia akirekodi ujumbe wa sauti kwa mteja wake. Alimsalimu, akamwambia bila kuzunguka kwamba picha ya baba imeharibika, kwamba udongo wa Bungu umemwishia, kwamba atajitahidi kuchora upya lakini hawezi kuapa, na kwamba malipo yake atayarudisha akitaka. Halafu akamalizia hivi: "Imeharibikia mikononi mwangu, dada. Nisamehe."

Mikononi mwangu. Heri alisimama pale na shuka tupu mkononi, maneno hayo yakamwingia kuliko matusi aliyoyatarajia.

"Mbona hukunitaja?" akamuuliza alipopita.

"Duka ni langu," Jenoveva akajibu. "Kikiharibika kitu dukani kwangu, nimeharibu mimi. Nenda nyumbani, Heri."

Akaenda. Mzee Cosmas alikuwa anarudi kutoka shambani na jembe begani, wakakutana njiani. Heri akamwamkia, shikamoo baba, na mzee akaitikia marahaba, akalitazama lile shuka, akamtazama uso, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakumuuliza habari za Walutheri wenzake wa Shume.

Mama yake Heri, Elizabeti, alikuwa na maoni yake kuhusu Jenoveva na hakuyaficha chini ya mtungi. Alisema mwanamke wa kuoa anajulikana kwa bustani yake, si kwa simu yake. Alisema hapendi mtu anayelipwa na watu asiowahi kuwaona nyuso. Na ni yeye, Jumatatu jioni, aliyeingia karakana na kikombe cha chai, akaitazama picha ya mzee Benjamini akiinamisha kichwa, akasema imepauka kama ukuta wa jiko, ipake kitu ing'ae. Heri hakumlaumu. Mama alitoa maoni tu, brashi ilishikwa na Heri.

Kwa hiyo alipofika nyumbani alimweleza yote, na alipofika kwenye posa kuvunjika alidhani mama atafurahi. Elizabeti alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo mteja wake ameambiwa nani kaharibu?"

"Ameambiwa kaharibu yeye mwenyewe."

"Hakukutaja?"

"Hakunitaja, mama. Nilikuwa nimesimama palepale. Alisema mikononi mwangu."

Elizabeti aliendelea kuchambua, lakini mikono yake ilipungua kasi. Alikuwa mjane kwa miaka kumi na tisa, na alizijua aibu ambazo mwanamke humfichia mwanamume. Aliwahi kuzificha yeye mwenyewe, nyingi, na hakuna aliyemshukuru.

"Anataka udongo gani?" akauliza mwishowe.

"Wa Bungu. Wa kule kwenye chai. Nitaenda kesho kuchimba."

"Mwekundu?"

"Mwekundu."

"Mwekundu upi?"

Mama yake akaweka ungo chini, akamtazama vizuri, na kicheko kidogo kikamtoka bila kukusudia.

"Kuuliza si ujinga, mwanangu, ila wewe umeuchukia uulizaji tangu shule. Bungu ina udongo mwekundu wa namna nne. Mimi nimezaliwa kule, unadhani nyumba zetu tulizipaka rangi ya dukani? Kila Krismasi tulikwenda ukingoni na mama, tukachimba. Chini ya ukuta tulipaka ule wa rangi ya damu ya mzee, juu ule wa mahindi yaliyoiva, kwenye dirisha mweupe. Nilichora maua kwa vidole vyangu hivi." Akaviinua, akavitazama kama alikuwa amevisahau. "Tukaja kupata saruji, tukaacha. Lala mapema. Kesho tunaondoka wote."

Kutoka Shume hadi Bungu ni kupanda na kushuka tangu alfajiri hadi mchana, magari matatu na bodaboda, na Elizabeti hakulalamika hata mara moja. Walipofika ukingoni, chini ya mstari wa mwisho wa michai, walimkuta mama mmoja mzee anapalilia magimbi. Elizabeti akamsalimu, "Onga mshi," na yule mzee akanyanyuka, akamkazia macho, kisha wakaanza kuongea Kishambaa kwa kasi ambayo Heri, aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo, aliifuata kwa shida. Alikuwa Sesilia, aliyecheza naye utotoni. Na Sesilia alimfahamu sana mzee Benjamini. Mtu mrefu, alisema, mpole, kila jioni alipitia hapahapa.

Heri akachukua jembe. Mama yake akamnyang'anya.

"Kwetu mwanamume hakuchimba udongo wa kupaka nyumba," akasema. "Alibeba tu. Shika mfuko."

Akaingia ukingoni na khanga yake ameipandisha, akafukua kwanza udongo wa juu akautupa, kwa kuwa una majani na samadi, akafika kwenye ule wa ndani. Alichukua kidogo, akausugua kati ya vidole, akaupaka juu ya kifundo cha mkono, akangoja ukauke, akautazama. Akasogea hatua mbili, akarudia. Heri alishika mfuko na kumtazama. Alikuwa amemwona mama yake akilima, akipika, akizika, akiimba kwaya. Hakuwahi kumwona akifanya jambo kwa furaha namna ile, na akatambua kwamba namna ile ya kuinamisha kichwa alishaiona kwa mtu mwingine, barazani, Gare.

Alhamisi asubuhi wakabisha hodi kwa Mzee Cosmas. Jenoveva alitoka, akamwona Heri, uso ukajifunga. Akamwona na mama nyuma yake, akashtuka, akainama upesi kumwamkia. Elizabeti akaitikia marahaba, na hakusema lingine. Alifungua mafundo manne ya kitambaa, akayapanga sakafuni. Kisha akamshika Jenoveva mkono, akampaka udongo wa kwanza kwenye kifundo, wa pili kando yake, wa tatu, wa nne, akampulizia ukauke, kama anavyopuliziwa mtoto aliyeungua.

"Ulichukua upi safari ile?"

Jenoveva aliutazama mkono wake kwa muda. "Huu," akasema, akigusa wa tatu. "Lakini huu wa pili sikuuona kabisa. Huu ni rangi ya ngozi ya mtu aliyetoka juani."

"Uko chini ya mizizi. Hauonekani mpaka uambiwe." Elizabeti akavua kandambili, akakaa chini, akavuta jiwe la kusagia. "Wewe chora. Kusaga naweza."

Heri alibaki amesimama uani.

"Nikae hapa?" akauliza.

"Kaa unapotaka," Jenoveva akajibu bila kumtazama.

Akakaa chini ya mparachichi. Baada ya kitambo akauliza kama achote maji. Akaambiwa achote. Akauliza ayaweke wapi. Akauliza kama kuni zipasuliwe, na kwa urefu gani. Mzee Cosmas, aliyekuwa amekaa mlangoni na redio yake, alivumilia mpaka saa sita, kisha akamuuliza Elizabeti kama kijana wake yuko darasa la kwanza, mbona anaomba ruhusa hata ya kupiga chafya. Elizabeti akasema ndiyo, kaandikishwa Jumanne, na mwalimu wake ni mkali. Jenoveva aliinamia ubao wake, lakini Heri aliona mabega yake yakitikisika kidogo, na akajua kwamba hakuwa analia.

Alasiri simu ililia kikapuni. Heri alikuwa karibu kabisa, na jina la Scholastica lilikuwa linamulika. Hakuigusa.

"Simu yako inaita, Jeni. Nikuletee?"

Jenoveva alisita, brashi hewani, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Niletee."

Ulikuwa ujumbe wa sauti. Wakasikiliza wote, hata Mzee Cosmas akapunguza redio. Scholastica alisema hataki malipo yake yarudi. Alisema amelia kidogo, amemaliza, na kwamba kama baba yake atachorwa mara ya pili basi amekumbuka jambo ambalo mara ya kwanza hakulisema. Kila jioni baba akirudi kutoka chai alisimama mlangoni, akakwangua udongo miguuni kwa kijiti, lakini ule wa mikononi hakuunawa mpaka awashike kwanza watoto wake mashavu. Walikwenda kulala na vidole vya baba usoni. "Kama nafasi ipo," ilimalizia ile sauti, "mchore na mikono."

Elizabeti aliacha kusaga, akajifuta pua kwa ncha ya khanga. Jenoveva akachukua ubao mwingine, mrefu zaidi, akaanza upya, na kuanzia hapo Heri hakuuliza tena kitu, kwa sababu alikuwa anaangalia.

Alimwangalia Alhamisi yote na Ijumaa yote. Alikuwa amempenda mwanamke huyu miaka miwili bila kuwahi kukaa chini na kumwona akifanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho, na aliona haya. Aliona namna alivyopaka udongo mwembamba kama maji, akangoja, akapaka tena, mara kumi, mara kumi na tano, mpaka shavu likapata joto. Aliona alivyorudi nyuma, akafumba jicho moja, akafuta kazi ya saa nzima kwa kitambaa bila huruma. Aliona alivyochovya ncha ya kidole chake mwenyewe pale ambapo brashi haikutosha. Fundi humjua fundi. Heri alijua ni miaka mingapi inamlazimu mtu kukosea ndipo mkono wake utulie vile. Aliwaza kwamba watu wa mbali, wasiowahi kukanyaga Gare, walikuwa wameliona jambo hili kupitia kioo cha simu, na yeye aliyekuwa anakunywa chai barazani alikuwa hajaliona.

Elizabeti naye aliona. Ijumaa mchana, walipotoka kuchota maji, alimwambia mwanawe maneno matatu tu. "Kumbe anafanya kazi," akasema, kisha akatangulia na ndoo yake.

Saa kumi jioni Jenoveva aliweka brashi chini. Mzee Cosmas akaitwa. Alisimama mbele ya ubao, akavua kofia, kwa adabu ileile ya kanisani. Mzee Benjamini alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba ya wafanyakazi, koti lake limechakaa, na mikono yake miwili, myekundu ya udongo mbichi, ameinyoosha mbele kidogo, kumshika mtu ambaye hayumo kwenye picha. Yeyote aliyesimama mbele ya ubao ule alikuwa ndiye mtu huyo. Rangi ilikuwa ya vumbi, laini, haing'ai hata kidogo, na Heri akaelewa sasa. Ingeng'aa, ungejiona mwenyewe juu ya kioo cha vanishi. Kwa kuwa haikung'aa, hapakuwa na kitu chochote kati yako na mzee.

Elizabeti alikwishajaza chupa kwa udongo uliobaki, akaandika BUNGU kwa herufi zake kubwa za shule ya jumapili, akaipanga rafuni kati ya Kilwa na Kibondo. Kisha akamwomba Mzee Cosmas amwoneshe migomba yake, ambayo hakuwa na haja nayo, na wazee wakaondoka.

Wakabaki wawili. Basi la Morogoro lilikuwa linaondoka Lushoto kesho alfajiri, na fremu mpya ya mkulo, aliyoikata Heri usiku wa Alhamisi kwa kipimo cha ubao mrefu, ilikuwa imeegemea ukuta. Jenoveva alikaa kwenye ngazi, amechoka, udongo umemkauka kwenye paji la uso. Heri hakuwahi kumwona mzuri kuliko saa ile.

"Unaionaje?" akamuuliza.

Heri aliangalia picha kwa muda mrefu. Mambo mengi yalimjia: kwamba ni nzuri, kwamba ni ya ajabu, kwamba amekuwa mjinga. Akayaacha yote.

"Imekwisha," akasema.

Jenoveva aligeuza uso kuelekea mparachichi. Chozi alilolizuia tangu Jumanne likashuka sasa, moja, likakata njia kwenye vumbi la shavu lake, na hakulifuta.

"Basi piga misumari," akasema.

Heri akalaza ubao ndani ya fremu, akageuza kwa nyuma, akatia misumari midogo mdomoni kama kawaida yake. Alikuwa amegonga wa tatu aliposikia sauti nyuma yake, ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayezungumzia mvua.

"Jumapili misa yetu inaisha saa nne. Baba hapendi watu wanaochelewa. Na chai isiyo na tangawizi hanywi, wageni wasije wakashangaa akiisukuma pembeni."

Nyundo ikabaki hewani. Heri akatema misumari kiganjani, akageuka.

"Jeni. Kwa hiyo nimwambie baba mdogo aje?"

Jenoveva akamtazama, na lile tabasamu la upande mmoja likarudi mahali pake.

"Mengine usiulize, Heri."